Bomba, Kalamu au Pampu: Kuchagua Njia ya Kutumia Insulini

Insulini haimezwi. Ni protini, na tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya maharagwe kabla haijafika kwenye damu. Ndiyo maana tangu Januari 1922, kijana Leonard Thompson wa miaka 14 alipodungwa mjini Toronto, Kanada, wagonjwa wengi wa kisukari wameipata kupitia ngozi. Kilichobadilika ni vifaa. Leo viko vitatu: bomba la sindano na kichupa, kalamu, na pampu. Ipo pia insulini ya kuvuta kwa pumzi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014, lakini haiwafai wenye pumu wala wavutaji sigara, na kwa familia ya Walukuba, mjini Jinja, au Mbale nchini Uganda bado si jambo la kukalia kikao.

Aina ya insulini na kipimo chake huamuliwa na daktari. Kwenye kifaa, mgonjwa na watu wa nyumbani wana sauti, na swali la kwanza ni rahisi: mwezi ujao kitapatikana?

Kwa kigezo hicho bomba na kichupa ndivyo vinavyotangulia. Katika hospitali za serikali Uganda, ambako ada za wagonjwa wa kawaida zilifutwa mwaka 2001, insulini ikiwepo hutolewa bure. Ikiisha, mgonjwa huelekea duka la dawa. Kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1,000. Anayetumia yuniti 30 kwa siku hutosheka na kichupa kimoja kwa takriban mwezi.

Kazi ya bomba imo katika mistari yake midogo. Kwenye bomba la mililita 1, mara nyingi kila mstari ni yuniti 2, hivyo kipimo cha 15 huangukia katikati ya mistari miwili. Bomba la nusu mililita huwa na mstari kwa kila yuniti, na aliyeandikiwa kipimo kisichozidi 50 afadhali aombe hilo. Insulini ya mchanganyiko wa 30/70 huwa na mawingu. Kichupa huviringishwa polepole kati ya viganja mpaka weupe uenee, bila kutikiswa. Kisha hewa ya kiasi sawa na kipimo husukumwa ndani ya kichupa, kichupa hupinduliwa, dawa huvutwa, na mapovu hutolewa kwa kugonga bomba kwa kidole.

Hatari kubwa ni bomba lisiloendana na dawa. Insulini ya U-100, yaani yenye yuniti 100 kwa kila mililita, huvutwa kwa bomba lililoandikwa U-100, ambalo kwa kawaida lina kifuniko cha rangi ya chungwa. Ikivutwa kwa bomba la U-40 hadi mstari wa 20, mgonjwa hupata yuniti 50. Kosa hilo linaweza kumzimisha mtu kabla sahani ya chakula haijaondolewa mezani.

Kalamu huondoa sehemu kubwa ya hesabu hiyo. Kipimo huchaguliwa kwa kuzungusha kitufe, namba huonekana dirishani, na sindano yake huwa fupi, hata milimita 4. Humfaa mzee ambaye macho yameanza kufifia, mtoto wa shule, na yeyote anayejidunga nje ya nyumba. Ila gharama yake haiishii kwenye kalamu. Gamba la dawa linalokaa ndani ya kalamu lina yuniti 300 tu, na kabla ya kila mdungo yuniti 2 hutolewa hewani ili kuhakikisha dawa inapita. Mwenye yuniti 30 kwa siku, midungo miwili, hutumia 34, yaani takriban magamba matatu na nusu kwa siku 30, na sindano 60. Kalamu iliyokosa sindano zake haina kazi, kwa hiyo ni busara kuweka bomba la akiba na kichupa. Baada ya kubonyeza, sindano hubaki ndani ya ngozi kwa sekunde 10. Kalamu haiazimwi, hata kati ya ndugu na hata sindano ikibadilishwa, kwa sababu damu inaweza kurudi ndani ya gamba.

Pampu hutiririsha insulini ya haraka mchana na usiku kupitia mrija mwembamba. Ni ghali, hudai mirija mipya kila baada ya siku chache na vipimo vya sukari vingi, na ikisimama mwili hubaki bila insulini ya akiba. Bila kliniki inayoijua, haishauriwi.

Ratiba ya maisha ina uzito sawa na bei. Insulini ya mchanganyiko hudungwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na hudai chakula kiwepo kwa saa zake. Anayefanya kazi za zamu kiwandani, au anayesubiri mitumbwi ya mukene, yaani dagaa, kule Masese kando ya Ziwa Victoria usiku, amweleze daktari waziwazi saa anazokula. Huenda akapangiwa insulini mbili tofauti, ya haraka na ya muda mrefu, ambazo zinahitaji midungo zaidi lakini humpa nafasi. Jasho, mtetemeko na njaa ya ghafla ni dalili za sukari kushuka. Vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji hunywewa papo hapo. Aliyepoteza fahamu hanyweshwi kitu, hukimbizwa hospitali.

Kisha kuna joto. Umeme huzalishwa Jinja tangu bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954, na bado si kila nyumba Walukuba ina friji. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na barafu, kwani ikiganda hutupwa. Iliyofunguliwa huweza kukaa nje ya friji, mahali pa baridi, kwa wiki nne, na tarehe ya kufunguliwa huandikwa kwenye kichupa. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliotolewa mwaka 2021 na kutumia viwango vya joto vilivyopimwa kambini Dadaab, Kenya, ulionyesha kuwa insulini iliyokaa wiki nne kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu. Habari hiyo inatuliza moyo, lakini si ruhusa ya kuiacha dirishani. Mtungi wa udongo wenye mchanga uliolowa husaidia, ingawa katika unyevu wa ziwa hupoza kidogo kuliko katika ukavu wa Karamoja. Kichupa hufungwa kwanza kwenye mfuko wa plastiki.

Kifaa chochote kikichaguliwa, mahali pa kudunga hubadilishwa kila mara. Ngozi iliyovimba uvimbe mgumu hunyonya dawa ovyo, na sukari hupanda bila sababu ya kuonekana. Mara nyingi hapo kipimo huongezwa bure, ilhali dawa imekwama kwenye uvimbe. Anayehama kutoka bomba kwenda kalamu, au kinyume chake, apime sukari mara kwa mara katika wiki ya kwanza, na asivute kamwe dawa ya gamba la kalamu kwa bomba. Sindano zilizotumika huingizwa kwenye jerikani gumu lenye kifuniko, nalo likijaa hurudishwa kituo cha afya.