Ukivuka Likoni na Njaa: Vidokezo Vinane vya Kula Kwale

Mgeni wa Diani huuliza, "Chakula kizuri kiko wapi?" Mwenyeji humjibu kwa swali: "Saa hii?" Basi hapo ndipo siri ilipo. Kuanzia feri ya Likoni hadi mpakani Lunga Lunga, chakula kizuri hakikai mahali kikikungoja. Kina saa yake, kina maji yake, na mara nyingine kina msimu wake. Ukiikosa saa, utakula chipsi.

1. Elewana na dereva kuhusu neno "hoteli"

Ukishuka Ukunda na kumwambia mwenye tuktuk akupeleke hotelini, atatazama viatu vyako kwanza. Hoteli ni lile jumba la kitalii lenye bawabu getini, na hoteli ni kile kibanda chenye benchi mbili na birika jeusi. Njia rahisi ni kumwambia, "Nipeleke pale unapokunywa chai wewe." Hatakosea.

2. Mahamri na mbaazi si chakula cha waliolala

Fika kabla ya saa mbili asubuhi. Hamri zuri limetuna, ndani lina uwazi, na ukilipasua kwa mkono iliki inakupiga puani. Likiwa limejaa unga kama mkate, hilo ni andazi lililopewa cheo. Kazi kubwa lakini iko kwenye mbaazi. Mpishi hodari huzichemsha kwanza zikaiva, akazitia tui jepesi, na tui zito la kwanza akaliacha mpaka mwisho, moto ukiwa umepungua, akilikoroga lisikatike. Ukiona mchuzi umejitenga, mafuta juu na maji chini, kunywa chai yako kwa adabu na kesho jaribu jirani yake. Mbaazi nzuri mara nyingi zimeisha saa tatu, na hakuna sufuria ya pili.

3. Kabla ya kuagiza pweza, tazama mwezi

Hiki ndicho kidokezo ambacho orodha ya vyakula haitakwambia. Pweza wa huku hutafutwa kwa miguu. Wavuvi hutembea juu ya miamba maji yanapokupwa, wakichokora mashimo kwa chuma chenye ncha. Maji hukupwa sana wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, yaani mara mbili kwa mwezi. Siku hizo pweza ni wa asubuhi ileile. Siku za maji mafu, katikati ya hizo, miamba haifunuki vizuri, na pweza unayeletewa huenda ametoka kwenye friza. Niliwahi kuagiza wa nazi siku ya maji mafu, katika mkahawa mmoja ambao sitautaja, nikatafuna mpaka taya likaniuma. Kosa lilikuwa langu: mwezi ulikuwa nusu, na mimi nilikuwa nimeuona.

Kuhusu supu yake na sifa wanazoipa wanaume barazani, mimi naisifu kwa ndimu na pilipili. Mengine waulize wao.

4. Mjue mama karanga

Jina lisikuchanganye, hauzi njugu. Mama karanga ni mwanamke anayenunua samaki pwani, akawakaranga, kisha akawauza kijijini au kando ya barabara. Ndiye anayelisha nyumba nyingi za Kwale, na ndiye ninayemtafuta mimi kabla ya mkahawa wowote wenye kitambaa mezani.

Vyombo vinaporudi kwenye bandari ndogo kama Mwaepe ya Diani au Mkunguni ya Msambweni, matajiri wa samaki huchukua wale wakubwa, akina kolekole na nguru, waende mahotelini. Mama karanga huondoka na tafi, changu na pono wadogo. Nasema bila kupepesa macho kwamba yeye ndiye anayebaki na utamu. Tafi mdogo aliyepasuliwa mbavuni, akapakwa chumvi, akakarangwa kwa moto wa kuni mpaka mapezi yakavunjika kama kachiri, hana mpinzani.

Meza yake hutandazwa alasiri. Usifike ukanyoosha kidole. "Shikamoo mama, leo bahari imetoa nini?" Atakuitikia marahaba, na ukimwomba vizuri atakuchagulia aliyetoka karaini sasa hivi badala ya wa saa nane. Wakati wa kusi, hasa kati ya Mei na Agosti, upepo huzuia vyombo vidogo kutoka, samaki wakawa haba na bei ikapanda. Usibishane naye siku hizo. Kaskazi, kuanzia Desemba, bahari hulainika na bei nayo.

5. Panda mlimani kula mboga

Wageni husahau kwamba Kwale yenyewe ni mji wa juu, ukikata kona Kombani kuelekea Shimba Hills. Huko ndiko kwa sima na mtsunga, mboga ile chungu ya Wadigo, iliyopikwa kwa nazi ili uchungu upungue lakini usiishe. Ukiletewa mtsunga usio chungu kabisa, umepikiwa kama mgeni.

6. Gazi na Wasini: piga simu jana

Gazi, kina mama wamejenga njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko, na ukiagiza mapema wanakupikia chakula cha Kiswahili. Tembea kwanza, ule baadaye. Wasini unavukia Shimoni kwa mashua. Kisiwani hakuna gari hata moja, na mlo wa kutafuta ni kaa. Kote kuwili, asiyetoa taarifa hana haki ya kununa.

7. Pango, mara moja tu

Diani kuna mkahawa uitwao Ali Barbour's Cave, ndani ya pango la matumbawe ambalo dari lake lina matundu, ukawa unakula huku nyota zinakuchungulia. Jirani yake ufuoni ni Forty Thieves, kwa hiyo Ali na wezi wake arobaini wako pamoja. Pangoni ni usiku tu, bei ni za watalii, na unalipia mahali kuliko sahani. Nenda siku ya harusi yako, au siku mtu mwingine analipa.

8. Jioni, simama kando ya barabara

Magharibi ikishaswaliwa, Ukunda huwasha makaa. Hapo utapata viazi karai na ukwaju, mishkaki, bhajia, muhogo wa kuchoma uliopasuliwa ukapakwa pilipili na ndimu. Ajabu ni kwamba muhogo, mahindi na pilipili vyote asili yake ni Amerika, vikavuka bahari enzi za Wareno. Hata leo, mitaani Mexico, watu hupaka mahindi ya kuchoma pilipili na ndimu, na mtoto wa Ukunda angeyala bila kuuliza.

Ramadhani mambo hugeuka. Mchana hoteli nyingi za wenyeji hufungwa, na alasiri meza za futari hujaa kaimati, vitumbua na mkate wa sinia. Nunua mapema, na usianze kutafuna pale mezani mbele ya waliofunga.

Neno dogo kwa wanaobeba chakula ufuoni: kima na tumbili wa Diani wanajua mlio wa mfuko wa karatasi kuliko unavyoujua wewe, nao hawaombi. Colobus Conservation, shirika lililoko Diani tangu 1997, huwasihi watu wasiwape chakula. Kwa hiyo kula, maliza, kunja karatasi yako, tia mfukoni.