Mafuta na Maji Kukaa Pamoja

Vidukari wakivamia kabichi, mafuta ya mbegu za pamba huwakosesha pumzi. Lakini mafuta yakijitenga na maji ndani ya bomba la kunyunyizia, mimea mingine hupata maji matupu, na mingine mafuta matupu, majani yakaungua.

Mpatanishi ni sabuni: kichwa chake hupenda maji, mkia wake mafuta. Mimi hutikisa sana kikombe 1 cha mafuta na kijiko kikubwa cha sabuni ya mche iliyoyeyushwa. Kisha hutia vijiko vidogo 2 vya mchanganyiko huo katika kila lita ya maji. Hapa Jinja, kwa maji ya ziwa, huwa meupe kama maziwa. Kwetu Mbale kisima chetu kina chokaa, nayo huigandisha sabuni ikawa utando, mafuta yakaelea. Huko nakinga mvua.