SOMO: Tuitambue Pakanga ya Mlima Meru

Wapendwa wanakamati wa parokia na wafadhili wetu, somo la toleo hili linahusu pakanga, mmea uliotajwa katika Mithali kwa uchungu wake. Jina hili hutumika kwa mimea zaidi ya mmoja, na kuichanganya kwaweza kugharimu maisha ya mtoto.

1. Pakanga ya asili (Artemisia afra)
Huota yenyewe nyanda za juu: pembezoni mwa msitu, vichakani na kando ya njia. Huishi miaka mingi, na shina lake hukomaa chini kama mti. Majani yamechanika vipande vyembamba. Upande wa chini yana vinyweleo vyeupe, hivyo mmea huonekana wa kijivu. Maua ni madogo, ya njano, yameinama. Ukifikicha jani, harufu ni kali.

2. Pakanga ya shambani (Artemisia annua)
Asili yake ni Asia. Wakulima wa Arusha waliilima miaka ya 2000 kwa ajili ya viwanda vya dawa. Huishi msimu mmoja tu; majani ni ya kijani kibichi. Ndiyo chanzo cha artemisinini, iliyopatikana China mwaka 1972 na kikundi cha Tu Youyou, aliyetunukiwa Nobel mwaka 2015.

3. Gugu karoti (Parthenium hysterophorus)
Ni mgeni kutoka Amerika, lililobainika Arusha mwaka 2010. Majani ya mche wake yamechanika vilevile, lakini maua ni meupe na huota barabarani na malishoni. Huwasha ngozi, huchochea pumu na hudhuru mifugo. Ling'olewe kwa glavu kabla halijatoa maua.

Tunajifunza nini?
Pakanga ya asili haina artemisinini ya kutegemewa kutibu malaria. Hata chai ya pakanga ya shambani, Shirika la Afya Duniani haliipendekezi: kipimo chake hakitabiriki, na dawa pungufu huweza kuleta usugu wa vimelea. Mwenye homa apelekwe zahanati akapimwe damu. Akikutwa na malaria apewe dawa mseto na aimalize.

Tusiing'oe pakanga yetu kwa hilo. Ni sehemu ya uoto wa mlima unaotupatia maji. Tuihifadhi, tukijua mipaka yake.

Maswali kwa kamati
- Ni ipi kati ya mimea hii mitatu inayoota kwenye eneo la kanisa letu?
- Nani atawaelimisha wazazi katika jumuiya ndogondogo?