SOMO LA WAPASUAJI: GOGO REFU LATAKA HESABU



Mkaratusi mzee ukiangushwa na upepo katika uwanja wa mtu pale Kigobe, mwenye nyumba hutaka jambo moja tu: uondolewe upesi. Nasi kwa haraka hiyo hiyo huukatakata vipande vya kuni. Hiyo ni hasara. Gogo moja lililonyooka laweza kutoa boriti za meta 8, na boriti ndefu namna hiyo ni adimu. Mafundi wa mashua za Ziwa Tanganyika wanajua vizuri: mkuku wa kipande kimoja una nguvu kuliko mkuku wa kuunga, maana kila kiungo ni mahali pa kuvunjikia.

Lakini gogo refu halipasuliwi kwa nguvu peke yake. Tusipopiga hesabu mwanzoni, tutalipa baadaye kwa migongo yetu. Tujifunze hatua kwa hatua.

1. Kabla ya msumeno

Mti uliong'oka na mizizi yake ni hatari. Ukishakatwa shinani, kisiki chaweza kuinuka ghafla na kurudi shimoni mwake. Asisimame mtu nyuma yake, na watoto wafukuzwe mbali.

Kisha pima uzito. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, halafu kwa 0.785, halafu kwa urefu. Gogo la senti 60 na urefu wa meta 8 na nusu hutoa meta za ujazo 2.4. Mkaratusi mbichi una kilo 1,000 hivi kwa kila meta ya ujazo, kwa hiyo hapo pamelala karibu tani 2 na nusu. Tia kabari pande zote mbili kabla mtu hajapanda juu yake. Kwenye mteremko, upande wa chini asikae mtu yeyote.

Ukitaka boriti ya meta 8, kata gogo la meta 8 na nusu, kwa sababu ncha za mkaratusi hupasuka. Zipake rangi nzito au nta siku ile ile ya kukata, jua lisizikaushe upesi.

Miti ya mjini ina misumari na nyaya za ua ndani yake. Toa gamba lote. Ukiona doa jeusi au la buluu kwenye mti, shuku chuma.

2. Mstari

Kwanza laza gogo juu ya magogo madogo, moja kila meta 2, lisilegee katikati. Sasa shusha timazi kwenye ncha zote mbili na uchore mistari ya wima. Gogo lisigeuzwe hata kidogo kati ya ncha ya kwanza na ya pili, la sivyo boriti itajipinda kama kamba. Ndipo vuta uzi wa rangi kutoka ncha hadi ncha.

3. Kupasua

Katika ujana wangu tulipasua gogo la mkaratusi kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu na mmoja shimoni. Tulianza upande mmoja tukaendelea upande huo huo tu. Boriti ilitoka imejikunja kama upinde. Mwenye kazi akaikataa, na siku mbili za jasho zikapotea bure.

Nilikuja kuelewa sababu baadaye. Mti ulio hai umevutwa sehemu ya nje na kubanwa sehemu ya ndani. Ukiondoa upande mmoja, upande uliobaki hulivuta gogo kwake. Dawa yake ni kupasua kwa zamu: ubao mmoja huku, geuza, ubao mmoja kule, mpaka ufike karibu na kiini. Kiini chenyewe kina nyufa. Usikitegemee kwa boriti nzuri.

Urefu huzidisha kosa. Ubao wa meta 4 ukijikunja senti 1, ubao wa meta 8 wenye mpindo huo huo hujikunja senti 4. Kwa hiyo pasua boriti ndefu ikiwa nene kidogo kuliko ilivyoagizwa, upate nafasi ya kuinyoosha.

Ukimaliza, zipange mbao kivulini juu ya vijiti vilivyo sawa, na uweke uzito juu. Usizianike juani.

4. Kubeba

Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba nambari 127 juu ya uzito wa mizigo. Pendekezo nambari 128 la mwaka huo huo linataja kilo 55 kuwa kikomo kwa mwanamume mzima, na kwa mwanamke uzito mdogo zaidi.

Sasa pima boriti yetu ya senti 10 kwa 20, urefu meta 8. Ikiwa mbichi ina kilo 160. Watu 3 wangeonekana kutosha. Lakini mmoja akijikwaa, wawili hubaki na kilo 80 kila mmoja. Wakiwa 4, mmoja akijikwaa, watatu hubaki na kilo 53 na kidogo. Basi boriti hiyo ni ya watu 4, wala si hisani ya mwenye kazi kumwita huyo wa nne.

5. Malipo

Anayelipwa kwa kipande hupunjwa kwenye boriti ndefu. Meta 8 ni mkato mara mbili ya meta 4, na kugeuza gogo zima ni kazi nyingine tena. Tukubaliane bei kwa meta ya mkato, na siku za kuandaa gogo zihesabiwe, kabla msumeno haujagusa mti. Gogo likishapasuliwa, mpasuaji hana tena cha kujadili.

Maswali ya kikundi

(a) Gogo la kipenyo cha senti 80 na urefu wa meta 6 lina uzito gani?
(b) Kwa nini tunageuza gogo wakati wa kupasua?
(c) Boriti ya kilo 200 ibebwe na watu wangapi, tukikumbuka kwamba mmoja aweza kujikwaa?
(d) Katika kazi yenu ya mwisho, nani alipanga bei, na aliipanga lini?

Jibuni pamoja. Asiyejua kuandika aseme, mwenzake aandike.