Pombe Haiachwi kwa Kufungiwa Chumbani

Mzee amekunywa gongo kila siku kwa miaka mingi. Leo wanawe wameamua: mlango umefungwa, ufunguo uko mfukoni, hatoki mpaka pombe imtoke. Nia ni njema, lakini njia hiyo inaweza kumuua.

Uraibu ni ugonjwa
Mraibu wa pombe:
• akianza kunywa hawezi kujizuia;
• kiasi kilichomtosha zamani hakimtoshi tena;
• asubuhi hutetemeka mikono mpaka azimue;
• huendelea kunywa huku kazi, ndoa na afya vikiharibika.

Pombe hupoza ubongo. Ubongo uliozoea kupozwa kila siku hujisukuma zaidi ili ufanye kazi. Pombe ikikatwa ghafla, msukumo ule hubaki bila breki.

Saa za hatari tangu kinywaji cha mwisho
• Saa 6 hadi 24: kutetemeka, jasho, kutapika, kukosa usingizi.
• Ndani ya saa 48: anaweza kupata degedege.
• Siku ya 2 hadi ya 4: kuchanganyikiwa, homa, moyo kwenda mbio, kuona wadudu au watu wasiokuwepo.

Jirani akisema mzee amepandwa na mashetani, ninyi mkimbizeni hospitali. Akipata degedege, mlazeni ubavu. Msimtie kijiko wala chochote mdomoni.

Hospitalini
Hupewa dawa ya kutuliza, kama diazepamu, inayopunguzwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Msimnunulie dukani: ikikutana na pombe inaweza kukata pumzi. Hupewa pia vitamini B1, kwa kuwa upungufu wake unaweza kuharibu kumbukumbu na mwendo moja kwa moja. Atachunguzwa sonona pia, maana wapo wanaokunywa ili kuzima huzuni.

Akirudi nyumbani
Ahudhurie ushauri nasaha na vikundi vya walioacha pombe. Pombe isikae nyumbani. Daktari anaweza kumwandikia naltreksoni ya kupunguza hamu, au disulfiramu, ambayo humfanya augue akionja pombe. Hii ya pili kamwe msimtilie kwa siri kwenye chai au mboga, inaweza kumuua.

Akirudia kunywa, mrudisheni kliniki. Mgonjwa wa presha hafukuzwi nyumbani kwa sababu presha imepanda tena.

Basi fungueni mlango. Mpelekeni mzee kituo cha afya leo, angali anatembea kwa miguu yake.