Maswali ya Darasa: Chai ya Kericho na Kilio cha Haki

Katika darasa zetu za jioni tumeona jambo ambalo yatupasa kulisema wazi. Kijana aliyesoma skuli, ukimwuliza khabari ya kitabu, atakujibu bila ya kusita: mwandishi ni fulani, mhusika mkuu ni fulani, dhamira yake ni dhulma, na tamathali zilizotumika ni hizi na hizi. Akisha kusema hayo hukifunga kitabu, kwa kuwa mtihani haumtaki zaidi. Lakini ukimwuliza, "Na dhulma hiyo iko wapi leo, nawe una sehemu gani ndani yake?" hukutazama kana kwamba umemtukana. Hatumlaumu, maana ndivyo alivyofunzwa. Walakini kitabu kilichosomwa namna hiyo ni kama dawa ambayo mgonjwa amesoma jina lake juu ya chupa, asiinywe.

Kwa hivyo somo letu la safari hii ni maswali matano ya kujadiliwa. Tumechagua tamthilia moja ya kusomwa, na nchi moja ya kuipimia.

Tamthilia ni Kilio cha Haki, ya Alamin Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, iliyochapishwa mwaka 1981. Khabari yake ni ya wafanyakazi wa shamba kubwa la Delamon, na kiongozi wao ni mwanamke, Lanina. Mwaka uliofuata, 1982, mwandishi mwenyewe alitiwa kizuizini na serikali ya siku zile bila ya kuhukumiwa. Msomaji na ayajue hayo kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, apate kufahamu kwamba maneno ya kitabu huweza kumgharimu aliyeyaandika.

Nchi ni Kericho na Bomet, huko nyanda za juu za magharibi ya Kenya, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima na chai hufunika vilima hata upeo wa macho. Shamba la tamthilia ni la kubuni. Mashamba ya Kericho ni ya kweli. Makampuni ya Kiingereza yalianza kupanda chai huko kwa wingi katika miaka ya 1924 na 1925, juu ya ardhi ya Wakipsigis. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria makhsusi ya kuuhamisha ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi na watabiri wa kabila hilo, na mamia yao, wazee kwa watoto, wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Viktoria, nchi ya joto, malaria na mbung'o. Hawakuanza kurejea ila uhuru ulipokaribia. Kando ya mashamba makubwa wako wakulima wadogo, ambao tangu mwaka 1964 wamekusanywa chini ya KTDA, na majani yao hupelekwa viwandani kama vile Litein na Kapkatet upande wa Kericho, Kapkoros na Mogogosiek upande wa Bomet.

Huenda msomaji wa Mombasa, wa Lamu au wa Malindi akauliza: yatuhusuni sisi mambo ya bara? Twamjibu kwamba majani hayo yakisha kukaushwa hayakai huko. Hupakiwa katika magari yakateremshwa kwetu. Mnada wa chai ulioanza Nairobi mwaka 1956 ulihamia Mombasa mwaka 1969, na hapo huuzwa chai ya Kenya pamoja na ya Uganda, Rwanda, Tanzania, Malawi na nchi nyinginezo, kisha hupakiwa merikebuni Kilindini kwenda Pakistani, Misri, Uingereza na kwengineko. Wako katika jamaa zetu wanaopata riziki yao katika ghala za chai. Na sisi tuliosalia, hakuna kati yetu aliyekunywa chai asubuhi ya leo akawa hana uhusiano na mkono uliolichuma jani lile. Basi na tuingie katika maswali.

Swali la kwanza: Mali ikisha kupita mikono mingi, je, haki ya mwenyewe wa kwanza hufa?

Mwanafunzi aanze na shamba la Delamon, aeleze limepatikanaje na nani amelifanya likawa na thamani. Kisha aje Kericho. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ya Kenya iliona kwamba madai ya Wakipsigis na Watalai yana msingi. Mwaka 2022 walipeleka mashitaka yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mfalme Charles alipozuru Kenya mwishoni mwa Oktoba 2023 alieleza masikitiko yake kwa maovu ya zama za ukoloni, lakini hakuomba radhi. Na katika mwaka 2023 na 2024 wenye mashamba makubwa walitangaza kuyauza kwa kampuni ya Sri Lanka. Tazameni basi: shamba limetoka kwa mgeni likenda kwa mgeni, na mwenye kudai bado yuko nje ya ua. Mnunuzi aweza kusema, "Mimi nimelipa thamani yake, sikumnyang'anya mtu." Je, kauli hiyo yatosha? Anayesema yatosha na aeleze kwa nini. Na anayesema haitoshi na aeleze maskini wa leo arudishiwe nini, na nani.

Swali la pili: Ujira wa haki hupimwa kwa kipimo gani?

Mchumaji wa chai huchuma majani mawili na kichipukizi chake, akatia katika kikapu kilichoko mgongoni, na ujira wake huhesabiwa kwa kilo. Yahitajika kilo nne hata tano za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu. Kwa hivyo mizani ndiyo hakimu wa siku nzima ya mtu huyo. Sisi ambao Qur'ani imetuletea sura nzima yenye jina la wapunjao vipimo, al-Mutaffifin, hatuna udhuru wa kuiona mizani kuwa ni jambo dogo. Lakini swali letu lapita hapo. Ikiwa mizani ni sahihi kabisa, wala haikupunguza hata nusu kilo, lakini bei ya kilo yenyewe haimtoshi mtu kulisha watoto wake, je, amedhulumiwa au hakudhulumiwa? Wanafunzi wetu waligawanyika hapa makundi mawili, na kila kundi lilikuwa na hoja. Twataka na nyinyi mgawanyike vivyo hivyo, kwa hoja na si kwa kelele.

Swali la tatu: Kwa nini mwandishi alimfanya mwanamke kuwa kiongozi?

Wengi hujibu upesi kwamba alitaka kuonyesha usawa. Jibu hilo ni jepesi mno. Mwezi wa Februari 2023 shirika la utangazaji la BBC lilitoa uchunguzi ambao ndani yake zaidi ya wanawake 70, waliofanya kazi katika mashamba ya chai yaliyoendeshwa miaka mingi na makampuni mawili ya Uingereza, walieleza jinsi walivyotendewa uovu na wasimamizi wao. Wengi wao walisema kwamba walilazimishwa kuchagua baina ya heshima yao na kazi yao. Msomeni Lanina upya baada ya kuijua khabari hiyo. Nyapara amwonea mwanamume katika ujira wake; mwanamke aweza kumwonea katika ujira na katika mwili. Basi ni nani aijuaye dhulma ya shambani kwa ukamilifu wake?

Kisha swali lifuatalo liulizwe kwa upole lakini lisirukwe: mwanamke akija kushitaki jambo kama hilo katika mtaa wetu, aibu huangukia nani? Tukisema, "Mwacheni asimfedhehi mtu mwenye watoto," tumemsaidia nani?

Swali la nne: Mashine ni rehema au ni balaa?

Mwezi wa Mei 2023 watu wenye hasira walichoma moto mashine za kuchumia chai huko Kericho, kwa kuwa mashine moja hufanya kazi ya wachumaji wengi. Katika darasa letu mmoja alisema kuwa mashine ni rehema, maana kuinama na kubeba kikapu mvuani kwauharibu mgongo wa mtu kabla ya uzee. Mwengine akamjibu kuwa ugonjwa wa mgongo na ugonjwa wa njaa si sawa. Tuliwasikiliza, tukaona kwamba wote wawili wameitazama mashine wakaacha kutazama mfuko. Faida iliyoletwa na mashine imeingia kwa nani? Lau sehemu yake ingalimrudia aliyeachishwa kazi, kwa mafunzo, kwa kiinua mgongo au kwa hisa, je, moto ungaliwashwa? Mwanafunzi na aandike maneno ambayo Lanina angaliyasema mbele ya mashine hiyo, na maneno ambayo Delamon angaliyajibu. Amwandikie Delamon hoja nzuri kwa kadiri awezavyo, kwa maana asiyeweza kuieleza hoja ya khasimu yake bado hajaifahamu hoja yake mwenyewe.

Swali la tano: Je, na sisi?

Swali hili ndilo lililotufanya tuandike somo hili. Ni rahisi kwa mtu wa pwani kuwalaumu Waingereza wa Kericho, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini mashamba ya nafaka ya Malindi na minazi ya Mombasa, katika karne ya kumi na tisa, yalilimwa na watumwa, na mabwana walikuwa ni wazee wetu. Utumwa haukuondolewa kisheria katika pwani yetu ila mwaka 1907. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi ya 1908, wakapata hati waliojua kuzidai na waliosikilizwa, na wengi katika Wamijikenda wakabaki maskwota juu ya ardhi waliyoilima baba na babu zao. Je, Mtalai wa Kericho na mkulima wa Kilifi asiye na hati hawana kilio kimoja? Na ikiwa ni kimoja, mbona cha mbali twakisikia na cha karibu hatukisikii?

Tena tusitoke nyumbani. Yule mtumishi anayeipika chai hiyo jikoni mwetu, aliyeamka kabla ya adhana na atakayelala baada ya wageni kuondoka, ujira wake ni kiasi gani, na mwezi uliopita alilipwa siku gani? Ana siku ya kupumzika? Atakayewasha taa ya kitabu Kericho akaizima jikoni mwake, hakusoma.

Mwisho twatoa nasaha tatu kwa wenye kuongoza darasa. Kwanza, mwanafunzi ataje jambo lililotokea, na mwaka wake, kabla ya kutoa hukumu. Hasira isiyokuwa na khabari haimfai mdhulumiwa. Pili, asiyekubaliana na wenziwe asinyamazishwe, wala asichekwe. Tatu, darasa lisivunjwe mpaka kila mtu ameandika jambo moja dogo alilo na uwezo wa kulitengeneza yeye mwenyewe: deni la mfanyakazi, neno la radhi, au mpaka wa shamba. Karatasi hizo zisisomwe na mtu. Kila mmoja aichukue yake nyumbani, aiweke mahali ambapo ataiona kila anapoteremsha kikombe chake cha chai.

Wabillahi tawfiki.