Mbinu 5 za Kuiokoa Barua Pepe Yako na Spamu

Umetuma ankara Jumatatu, na Alhamisi mteja anakuambia hajaona kitu. Ipo, ndugu msomaji, imelala kwenye spamu! Usikate tamaa, mengi unayamaliza leo hii.

1. Jitambulishe kwanza
Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo zinamtaka kila mtumaji, hata mdogo, athibitishe kikoa chake kwa SPF au DKIM. Weka zote mbili. SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM hutia kila barua saini ya kidijitali. Kisha ongeza DMARC, inayowaambia wapokeaji waifanye nini barua isiyothibitika, uanze na p=none pamoja na anwani ya kupokelea ripoti. Zote ni mistari ya maandishi inayobandikwa kwenye DNS. Ukikwama, waombe wanaokuhifadhia tovuti. Ila shika hili: rekodi ya SPF iwe moja tu! Ukiajiri huduma nyingine ya kutuma barua, iongeze ndani ya rekodi ileile. Zikiwa mbili, uthibitisho unagoma.

2. Jipime mwenyewe
Jitumie barua kwenye Gmail, ifungue kwa kompyuta, bofya vitone vitatu, kisha chagua kuiona katika umbo lake la asili. Juu kabisa utaona SPF, DKIM na DMARC. Kila moja ikiandikwa PASS, hongera!

3. Tumia anwani ya kikoa chako
Matangazo yanayotumwa na huduma nyingine kwa anwani ya @gmail.com hukwama kwenye DMARC, kwa sababu hayakutoka kwa Google. Ya .co.tz au .co.ke yako inatosha kabisa.

4. Anayetaka kujitoa, mwachie
Asipoona kiungo cha kujitoa, atabonyeza kitufe cha spamu. Google inataka malalamiko yawe chini ya 0.1%, na yasifike kamwe 0.3%. Sasa piga hesabu: ukituma barua 200, lalamiko moja tu ni 0.5%! Ndiyo maana orodha ya anwani za kununua humuumiza zaidi mtumaji mdogo. Waandikie waliokubali wenyewe.

5. Wachunguze majirani
Kwenye seva ya pamoja, jirani akituma taka, anwani ya IP mnayoshiriki huweza kuingizwa kwenye orodha ya watuma taka ya Spamhaus. Kuangalia ni bure. Ukiikuta humo, waandikie wenye seva leo leo, wakuhamishie kwenye IP safi.